Kitufe cha Futa

"Hapa," alisema Fundi. "Kiuno cha mama watoto kilikuwa hapa."

Mikono yake ilikuwa imeizunguka hewa tupu. Nilisimama mbele yake na futi ya kupimia, sijui nianzie wapi.

Fundi cherehani huyu ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza. Nilijifundisha mwenyewe kutengeneza programu, na ile ya mwanzo ilikuwa ya kuhifadhi vipimo vya wateja wa mafundi nguo. Alipoinunua alinitania: "Mwanangu, na kola inajua kukata?" Nikamwambia daftari lake kuukuu halina kazi tena. Akaniamini, akalichoma.

Halafu akatokea mshindani mtaa wa pili, akaigawa yake bure. Usingizi ukaniruka. Nilishusha bei, na ili nisilale njaa nikaacha kulipia hifadhi ya nakala za akiba. Kisha, nisionekane nimeachwa nyuma, nikaongeza vitufe harakaharaka. Kimoja nilikiandika "Futa". Sikwenda kumwonyesha mtu yeyote.

Fundi ni mtu wa utaratibu. Kila jioni kabla ya kufunga hufuta meza, hufuta cherehani, hufuta mkasi. Jioni hiyo akaona kompyuta nayo inaomba kufutwa. Ikamuuliza, "Una uhakika?" Akabonyeza "Ndiyo".

Asubuhi alinipigia simu. Hakugomba.

"Mwanangu, nimeifuta, imekuwa safi mno. Hebu nirudishie."

Sikuwa na cha kurudisha. Wateja wangekuja kupimwa upya, wote isipokuwa mkewe, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Magauni yake ndugu walishagawana. Kilichokuwa kimebaki ni ukurasa wa vipimo vyake ndani ya programu, ambao Fundi aliufungua kila asubuhi kabla hajagusa kitambaa.

Siku hizi mimi huitwa kuzungumza na vijana kuhusu wateja, ushindani na kuweka akiba. Huwaambia mengi. Mshindani wangu alifunga ofisi zamani, hata sura yake nimeisahau. Habari ya Fundi sijawahi kuwasimulia.

"Pima basi," aliniambia siku ile.

Nikaizungusha futi ndani ya mikono yake, nikasoma namba.

"Labda nimeilegeza kidogo," akasema. "Miaka mitatu, mwanangu."

Nikaandika vilevile. Hakuishusha mikono mpaka nilipomaliza.