Kona Iliyotafunwa

Mama aliniletea kwenye duka langu la kadi za kale kadi ya posta aliyotumiwa zamani na marehemu baba, akataka niikague kama ninavyokagua za wateja. Kazi ni kazi, sikumwonea haya. Niliigeuza, nikaielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Picha imepauka, Mama. Muhuri wa posta umefutika, tarehe haisomeki. Na hii kona imetafunwa na panya! Mlikuwa mnaiweka wapi, stoo?" Watu wasiojua kutunza kadi hunipandisha hasira, hata akiwa mama mzazi.

Alicheka mpaka akashika meza. "Panya ni wewe, mwanangu! Ulikuwa unaota meno, na baba yako yuko safarini. Ukilia nakupa kadi yake, unanyamaza."

Nilivaa miwani, nikainama tena. Kweli, panya hang'ati hivyo. Palikuwa na vishimo viwili tu, vya vijino vya chini.

"Haya fundi, tarehe ndiyo hiyo imefutika," akanitania. "Umri wake utaujuaje?"

"Mimi nayo ni rika moja," nikamjibu, na kadi sikumrudishia.