Jibu Nililomnyima Joleen

Mdogo wangu Joleen alikuwa mwanafunzi wangu kwa mwaka mmoja tu. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi ishirini na mitano, nikifundisha michezo na afya katika shule pekee ya mji wetu, huku Dakota Kaskazini, Marekani. Mama alikuwa amekwisha kufariki, baba yuko barabarani na lori lake wiki nzima, kwa hiyo asubuhi nilimwamsha kama dada na saa nne nikamfundisha kama mwalimu.

Kila Februari tulikuwa na wiki mbili za somo la uzazi. Kitabu kilizungumzia mume, mke, mimba, na magonjwa ambayo mume na mke huambukizana. Bodi ya shule ilikuwa imeagiza nisitoke nje ya kitabu.

Joleen alinyoosha mkono.

"Mwalimu Tveit," alisema, na darasa likacheka, maana walijua nyumbani ananiitaje. "Kama mtu hatakuwa na mwanaume maisha yake yote, haya yanamhusu?"

"Huyo keshaamua kuwa mtawa," kijana mmoja wa nyuma alisema.

Nilijua anauliza nini. Nilimlea mimi, nisingekosa kujua. Nikatazama mlango, nikatazama kitabu.

"Hilo halimo kwenye mtihani," nikasema.

Jioni alikuwa akiosha vyombo, mimi nakausha.

"Dada, ulinielewa."

"Nilikuelewa."

"Basi hayanihusu."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema kitu," alisema, akanipa sahani nyingine.

Alipomaliza shule alihamia jiji la Fargo, akawa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Huko alikutana na Dacia, mwokaji mikate, mwanamke mpole mwenye kicheko kikubwa, wakaishi pamoja miaka tisa. Baba alinuna miaka miwili ya kwanza, kisha akaanza kumwita Dacia mwanangu. Mimi nilimwita shemeji tangu siku ya kwanza, nikadhani kwa hilo nimelipa deni langu.

Joleen aliwahi kwenda kliniki mara moja, na daktari akamwuliza kama amewahi kuwa na mwanaume. Akasema hapana. Daktari akamwambia kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi basi si cha haraka kwake. Alifurahi. Nani anapenda kipimo kile? Hakurudi tena.

Alipoanza kutokwa damu alificha kwa miezi. Dacia ndiye aliyenipigia simu.

"Wifi, njoo. Mimi hanisikilizi."

Saratani ilikuwa imeshatoka kwenye mlango wa kizazi na kusambaa. Daktari wa hospitali, mama mtu mzima, alitueleza polepole kwamba virusi vinavyoileta hupita ngozi kwa ngozi, hata kati ya mwanamke na mwanamke, na kila mwenye mlango wa kizazi anahitaji kupimwa. Dacia aliweka mikono yake mapajani.

"Kwa hiyo nimempa mimi?"

"Hakuna anayeweza kujua, na haisaidii kutafuta," daktari alisema. "Karibu kila mtu huvipata virusi hivi wakati fulani, na wengi hupona bila kujua. Kilichokosekana hapa ni kipimo."

Mimi nilisimama pale na cheti changu cha ualimu wa afya.

Machi nilichukua likizo nikakaa naye. Alikuwa amekonda, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Usiniangalie kama umeshanunua jeneza," alisema.

"Siangalii hivyo."

"Unaangalia. Hata kofia umevaa ya msibani."

Tulicheka kidogo. Kisha nikamwambia nililokuja kumwambia: kwamba siku ile darasani nilimwelewa, kwamba niliogopa kazi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Darasani nilijua huwezi kujibu," alisema. "Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Nilidhani utakuja chumbani kwangu. Wiki nzima niliacha mlango wazi, Marlys."

Kabla ya hapo hakuwahi kuniita kwa jina.

"Sijakasirika," akaongeza. "Nakwambia tu."

Nilingoja aseme amenisamehe. Aliomba maji, nikampa, akalala. Alikufa mwezi wa nne, akiwa na miaka thelathini na minne, Dacia amemshika miguu kwa sababu ilikuwa ya baridi.

Vuli ile nilikwenda mbele ya bodi na kurasa mbili nilizoandika mwenyewe, za wasichana wanaopenda wasichana: magonjwa, kinga, vipimo. Mwenyekiti, bwana Orrin Haugstad, mmoja wa waliobeba jeneza la mdogo wangu, alizisoma zote.

"Marlys, pole tena kwa msiba. Lakini wazazi watasemaje?"

"Mimi ndiye niliyemlea, Orrin. Mzazi wake ni mimi."

Walipiga kura, wanne kwa watatu. Nilishindwa. Februari nikazifundisha hata hivyo. Wiki iliyofuata nilinyang'anywa somo la afya nikaachiwa michezo tu. Sikubisha. Kama yuko msichana aliyesikia alichohitaji, hajaniambia, wala hana wajibu.

Dacia naye hakuwa amepimwa hata siku moja. Alikataa hadi majira ya joto, nikaenda kumchukua nikampeleka. Majibu yalikuja mazuri. Aliyasoma ndani ya gari langu, nje ya kliniki, akakunja karatasi.

"Afadhali yangekuwa mabaya," alisema.

"Usiseme hivyo, shemeji."

"Nimeshasema."

Nilitaka kuwasha gari, akanishika mkono. Tukakaa hapo, yeye akilia kwa hasira, mimi nikilia pia, mpaka mwenye gari la nyuma akaomba kwa upole tumpishe atoke.