Meno ya Masharubu

Fundi wa meno bandia alikuwa na neno la kusema juu ya kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya kamera kule Hollywood enzi za sinema zisizo na rangi, na angekuambia bila kuulizwa. Rangi, alisema, ni ya kupaka kuta. Waigizaji wa sasa wananong'ona kama watu waliofumaniwa. Na mabusu je? "Zamani walibusiana kwa adabu, kama mtu anabandika stempu. Siku hizi utadhani wanahesabiana magego."

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha kliniki ya mke wake, ambaye ndiye daktari. Mke aling'oa mbele, mume akapachika nyuma, na kwa mtindo huo walisomesha watoto watatu. Dirisha la karakana lilitazama ukuta. Rafu zilijaa mataya ya plasta, kila moja na namba ya mgonjwa kwa penseli, na katikati ya mataya hayo ilikaa kompyuta kuukuu iliyoshinda ikionyesha sinema za zamani huku Fundi akichonga nta.

Waigizaji hakuwaita kwa majina yao, aliwapa ya kwake. Kulikuwa na Chozi Moja, bibi aliyeweza kulia kwa jicho la kushoto peke yake, maana kamera ilikuwa upande huo. Kulikuwa na Bwana Kofia, aliyepigwa ngumi katika sinema ishirini na sita na kofia haikuanguka hata siku moja. Na juu yao wote alikuwepo Kidevu. Kidevu akitabasamu, taya la juu lilionyesha meno kumi kamili, yamejipanga kama askari kwenye gwaride. Wagonjwa wengi wa kliniki ile walitembea mitaani na tabasamu la Kidevu bila kujua.

Kila mtu na adui yake, na adui wa Fundi aliitwa Masharubu.

"Yule si mwigizaji," alisema. "Ni gogo. Chukua mwavuli, uvishe koti, bandika masharubu, umempata."

Jumanne moja aliingia karani mstaafu wa mahakama, mama wa miaka sabini na mbili, mwembamba, mkoba kwapani. Daktari alikuwa ameshamng'oa jino la mwisho wiki kadhaa nyuma, fizi zimepona, na sasa alimleta nyuma achague umbo la meno mapya. Mama Karani alikuwa akizungumza huku amefunika mdomo kwa kiganja. Fundi alidhani ni kwa sababu ya fizi tupu.

"Shikamoo, mama. Karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu." Alikaa, akatazama kompyuta, ambamo Kidevu alikuwa akipanda farasi. Akatazama kwa muda. "Huyo mtu anacheka nini? Amefiwa na baba yake, anacheka. Amepigwa risasi ya bega, anacheka."

"Lile ni tabasamu la kishujaa, mama."

"Ni tabasamu la muuza sabuni. Mimi nataka meno kama ya yule mwigizaji mwenye masharubu."

Kisu cha nta kilimteleza Fundi kikachoma meza.

"Masharubu! Mama, kati ya watu wote?"

"Nimekaa mahakamani miaka thelathini na minne nikichapa maneno ya mashahidi. Anayesema kweli namjua, na anayejifanya namjua. Yule mtu alikuwa akisema kweli hata anapodanganya. Andika hapo: Masharubu."

Fundi aliandika. Lakini mkono uliandika na moyo ukakataa. Wiki ile alipanga meno kwenye nta kwa ajili ya jaribio la kwanza, na kwa siri akapanga ya Kidevu, kumi kamili, gwaride. Alijiambia kwamba mgonjwa akijiona kwenye kioo atashukuru mwenyewe.

Mama Karani aliyavaa, akasogea kwenye kioo, akatabasamu. Akageuka kushoto. Akageuka kulia.

"Fundi," alisema, "mbona natamani kupanda farasi?"

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na glavu zake. Alimtazama mgonjwa, akamtazama mumewe, akavuta pumzi.

"Baba watoto, hicho ni Kidevu."

"Kinafanana kidogo tu."

"Kimebaki kuvaa bastola. Mgonjwa ndiye atakayetafuna, si wewe. Mfanyie anachotaka." Kisha akamgeukia Mama Karani. "Usimjali, mama. Ana kesi ya zamani na Masharubu. Tulipokuwa wachumba alinipeleka sinema, sinema ya Masharubu. Tulipotoka nikasema, laiti na wewe ungekuwa na sauti kama ile. Nilisema mara moja tu! Ana miaka thelathini na moja hajalimeza."

Fundi aliona masikio yanamwaka moto. Akajitetea kwa silaha aliyobaki nayo.

"Sawa. Nitamtengenezea. Naomba mniambie kitu kimoja. Meno ya Masharubu yakoje?"

Daktari alifikiri. Mama Karani alifikiri, kiganja mdomoni.

"Mmeona?" Fundi alisema kwa furaha ya mshindi. "Hakuna ayajuaye. Anacheka midomo imefungwa. Anaongea kama anavujisha siri. Ameletewa chakula katika sinema saba na hajakila. Ni aibu kusema, lakini mimi naamini hakuwa na meno kabisa."

"Aliwahi kuuma tufaha," Mama Karani alisema. "Ile sinema ya bustani ya jaji. Naikumbuka."

"Hajauma."

"Ameuma!"

"Basi tuitazame."

"Tuitazame."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Jumatano saa ya chakula cha mchana, kliniki ikiwa imetulia, Fundi alibeba kompyuta hadi chumba cha kusubiri, akaiweka juu ya meza ya magazeti, na Mama Karani akakaa mbele na daftari lake akiandika kwa hati mkato kila mara midomo ya Masharubu iliposogea.

Sinema ya bustani ilikuwa ya kwanza. Tufaha lilikuwepo kweli. Masharubu alilichukua mtini, akalifuta kwenye koti, akageuza mgongo, ikasikika *kwacha!*, akageuka tena na tufaha lina pengo.

"Ushahidi huo!" Mama Karani alijipiga pajani.

"Ushahidi gani? Umemwona akiuma? Lile tufaha limeumwa na mtu mwingine aliyejificha nyuma ya mti!"

Dereva wa lori aliyekuwa amekuja na shavu limevimba kama amemeza yai aliombwa atoe hukumu. Aliomba irudishwe nyuma mara mbili, akafikiri, akasema kwa shida kwamba yeye anaona Masharubu ameuma, ila kwa fizi. Hakuna upande ulioridhika.

Wiki zilizofuata watu walianza kuomba miadi ya Jumatano. Dereva wa lori alipona na bado alikuja. Siku ya sinema ya tano, Daktari alikuwa amemtia mwalimu wa hesabu mdomoni kisahani chenye ule ute wa waridi wa kuchukulia alama ya taya, ambao huganda kwa dakika tatu. Akatoka mara moja kuwaambia wapunguze sauti. Akafika wakati Masharubu anafunguliwa mlango wa gereza. Akasimama kidogo tu. Baada ya dakika kumi na moja ndipo wote waliposikia mtu akigonga ukuta kwa kiatu. Kumtoa mwalimu yule kile kisahani kulihitaji Daktari, Fundi na dereva wa lori, na kilipotoka mdomoni swali lake la kwanza lilikuwa, "Alitoroka au walimwachia?"

Fundi naye alikuwa na tatizo lake, na hakumwambia mtu. Katika sinema ya sita Masharubu analetewa simu ya maandishi kwamba ndugu yake amekufa vitani. Kidevu angecheka kishujaa. Chozi Moja angemwaga chozi lake moja. Masharubu aliisoma karatasi, akaikunja, akaanza kufunga vifungo vya koti. Akakosea kifungo cha kwanza, na vyote vilivyofuata vikaenda upande. Akatoka nje hivyohivyo, koti limepinda.

Fundi aliinuka. "Naenda kunawa mikono."

"Si umenawa sasa hivi?" mkewe aliuliza.

"Plasta hii haitoki."

Alikaa bafuni hadi wimbo wa mwisho ulipokwisha. Aliporudi alitangaza kwamba yule gogo hawezi hata kufunga vifungo. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini katika kliniki ile harufu ya spiriti ilikuwa kali na watu hawakumhoji.

Jino lilionekana katika sinema ya tisa. Ilikuwa ya kipuuzi, Masharubu ni tajiri aliyefilisika na kuajiriwa kuwa mpishi, na watu wa kliniki walikuwa wamekwishakata tamaa nayo. Akafungua mkebe wa pilipili manga. Pua ikasinyaa. Akajizuia, akageuza uso, na kabla hajaufikisha nyuma akapiga chafya, mdomo wazi, mbele ya kamera.

"Simamisha!" alipiga kelele Mama Karani.

Fundi alisimamisha. Akarudisha nyuma kidogokidogo, picha kwa picha, hadi mdomo ukajaa kioo kizima cha kompyuta.

Meno mawili ya mbele yalikuwa yamepandana kama watu wawili wanaochungulia mlango mmoja. La pembeni lilikuwa limepanda juu, linaning'inia peke yake. Upande wa kushoto kulikuwa na mwanya wa kupitisha penseli.

"Mungu wangu," Daktari alisema taratibu. "Ningempa kazi ya mwaka mzima."

Fundi alitakiwa kufurahi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiisubiri siku hii. Badala yake alijikuta akimwonea huruma mtu yule kuliko wagonjwa wake wengi, kwa sinema zote zile za kuchekea kinywani.

Mama Karani alishusha kiganja chake. Ndiyo kwanza Fundi akamwona akizungumza bila kuufunika mdomo.

"Yangu yalikuwa hivyohivyo," alisema. "Yale ya kuzaliwa nayo. Shuleni waliniita Uzio Mbovu. Miaka yote mahakamani nilicheka kwa pua. Siku moja nikaenda sinema nikamwona mtu anacheka midomo imefungwa, na wanawake wanazimia. Nikasema, kumbe inawezekana." Akaonyesha kioo kwa kalamu. "Nataka hayo."

"Mama, nakusihi," Fundi alisema. "Watu wananunua meno bandia ili yanyooke! Nikikutoa nje na hayo, nani ataleta mdomo wake hapa?"

"Wewe ulisema ukijua yalivyo utatengeneza. Nimeandika." Akafunua daftari. Hati mkato yake Fundi hakuielewa, lakini hakuthubutu kuipinga.

Ilimchukua siku tisa. Meno yaliyonyooka angeyapanga amefumba macho. Kupinda kwa ustadi kulimtoa jasho. Alipandanisha yale mawili ya mbele, yakaonekana kama ajali. Akayayeyusha. Akarudia. La pembeni alilipandisha, akalishusha, akalipandisha nusu ya unywele. Aliweka picha ya chafya mbele yake tangu asubuhi, na mkewe alipopita alimkuta ameinama juu ya nta akimwambia Masharubu, "Tulia, mzee, tunamalizia."

Siku ya kuvishwa, Mama Karani aliyauma kama alivyoambiwa, akafungua, akasogea kwenye kioo. Alitazama muda mrefu mpaka Fundi akaanza kukunjakunja aproni. Kisha akacheka. Si kwa pua. Alicheka wazi, kwa sauti kubwa isiyo ya mtu mwembamba kama yule, mpaka yale ya juu yakachomoka, yakaruka, yakatua kwenye gazeti la dereva wa lori.

"Yanahitaji kubanwa kidogo," Fundi alisema.

"Bana uwezavyo," alijibu Mama Karani, bila meno, bila kufunika mdomo. "Nina vicheko vya miaka sabini vinasubiri foleni."

Binti yake alikuja siku ya pili kulalamika. Iweje mtu mzima aende kliniki kununua meno yaliyopinda? Lakini alikiri kwamba jirani yao, mama mmoja asiyemsifu mtu, alimtazama Mama Karani kwenye duka la dawa akasema, "Una bahati dada, umefika umri huo na meno yako mwenyewe." Fundi aliposikia hayo alimwomba binti ayarudie, kisha akamwita mkewe, akamwomba ayarudie tena.

Juu ya Masharubu, Fundi sasa anasema kwamba hakuwa mbaya sana. Akiona watu wamesikia huongeza haraka kwamba sauti, hata hivyo, ilikuwa ya puani.

Jumatano bado zipo. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Kidevu, yule wa farasi, na katikati ya mapambano Mama Karani alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, kwamba yule bwana anatembea kama suruali imemlowa. Chumba kizima kikaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ya wote ni Daktari. Fundi alisimama, akasema hawezi kukaa na watu wasio na macho, akaenda kusimama uani karibu na pipa la plasta. Alikaa huko kama dakika nne. Kisha akarudi mbio, maana sehemu tamu ilikuwa inakaribia, na akamwomba dereva wa lori asogee ampishe.