Ramani za Kapteni Odera

Mwaka wa tisini na nane, Kapteni Odera, rubani wa ndege, aliingia ofisini kwetu Mbaraki, Mombasa, na kompyuta ya kukunja. Ramani zote za rubani zilikuwamo, hata za kutua Lamu. Nilistaajabu, kisha nikaogopa. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha kurasa za ramani katika majalada yake kila mwezi, na maziwa ya mwanangu Kingi yalitoka humo.

“Bi Sidi, sasa utapumzika!” akacheka.

“Hizi ni za tarehe gani, Kapteni?”

Akatazama. Zilikuwa za mwezi uliopita.

“Diski mpya ilifika jana kwa posta,” nikamwambia. “Nipishe.”

Masomo yangu ya kompyuta ya jioni yalikuwa yamenifunza kuiweka. Akanipisha kiti chake, na kila mwezi akanipisha tena.