Hedhi ya Mwisho Lini?

Nywele za Esteria zilitoka na kitana tena asubuhi hiyo, fungu zima, na safari hii hakuzitupa. Alizikunja kwenye karatasi akazitia kwenye pochi. Leo anakwenda kuzionesha kwa wataalamu.

Kesho ilikuwa sendofu ya bintiye, Oliva, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Ukumbi tayari kule Mshangano, keki imehifadhiwa kwa jirani mwenye friji, na yeye Esteria, msusi wa Lizaboni kwa miaka ishirini na mbili, atasimama mbele ya watu mia mbili kama mama wa bibi harusi. Tangu alfajiri mwili ulikuwa unamcheza kwa furaha. Kasoro ilikuwa utosini tu: upara wa upana wa vidole vitatu.

"Ningekushonea wigi mara moja yakaisha," alisema Nasrin, msusi mwenzake, akimsuka Oliva rasta za harusi pale saluni.

"Wigi ndilo lililonimaliza."

Na kweli. Tangu hedhi ilipoanza kuruka miezi na nywele kupungua, alikuwa akizificha kwa kushonea wigi juu yake, limekazwa hadi nyusi zinapanda. Wateja wote aliwaonya wasikaze. Kichwa chake mwenyewe akakivuta kama kamba ya kufungia mbuzi.

Redio ilirudia tangazo kwamba leo zahanati ya mtaa ina siku ya afya ya mwanamke, rika zote, bure. "Rika zote, mmesikia?" alisema Esteria. Akafunga kilemba, akatoka karibu akikimbia.

Julai Songea si mchezo. Foleni nzima ya zahanati ilikuwa imevaa masweta na kujifunga vitenge viwili viwili. Saa tatu joto lilimpanda Esteria kutoka kifuani hadi masikioni, akavua sweta, akaanza kujipepea kwa kadi ya kliniki ya binti aliyekaa naye.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nimekoma hedhi."

Alisema kwa sauti yake ya saluni. Mabinti wakainama wakachekea kwenye khanga zao.

Mapokezini alikaa karani mmoja kijana, Polikarp, na kompyuta yake.

"Shikamoo mama. Umeleta mtoto?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe."

"Mjamzito?"

"Nina miaka hamsini na moja, mwanangu."

"Basi uzazi wa mpango."

"Mpango ulishakwisha. Nywele zinakatika, joto linanipanda, usingizi sina. Nataka kujua nifanye nini."

Polikarp alipandisha na kushusha kidole kwenye kioo, akarudia tena. "Mfumo hauna hiyo, mama." Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoudhi. Mtu mwema akishindwa na mashine, unakosa hata wa kumgombeza. "Na nisipokuingiza mahali, nesi hawezi kukupokea. Ngoja nikupitishe kwa wajawazito, ili umwone tu. Hedhi ya mwisho lini?"

"Novemba, mwaka juzi."

Akaandika. Kompyuta ikalia mlio mmoja mwembamba, maandishi yakageuka mekundu.

"Inasemaje?"

Polikarp alijikuna shingo. "Inasema mimba imepitiliza."

"Kwa siku ngapi?"

"Miezi kumi na moja."

Esteria alicheka mpaka akashika meza. Foleni nayo ikaangua kicheko, masweta yote yakitikisika. Lakini mfumo haukucheka. Mfumo ulimwandika mgonjwa wa hatari, na mgonjwa wa hatari hapangi foleni, kwa hiyo akapita mbele ya wajawazito ishirini, huku akiwaomba radhi mmoja mmoja.

Nesi Aurelia alikuwa mwanamke wa makamo, kofia yake ameivuta hadi karibu na nyusi. Esteria alijitaja kuwa msusi, akamfungulia karatasi mezani. Nesi akazitazama zile nywele muda mrefu, bila kuzigusa.

"Mama, nilichopewa kwa ajili yako ni vidonge vya kuongeza damu na chandarua."

"Na hizi nywele?"

"Hatuna maelekezo. Ukishaacha kuzaa, hatuna ukurasa wako." Alisema polepole, akatupa jicho mlangoni. "Saluni yako iko mtaa gani?"

Esteria alirudi Lizaboni na chandarua kwapani. Alisimulia kisa chote akiwa amesimama, akiigiza sauti ya karani na mlio wa kompyuta. Nasrin alicheka hadi kitana kikamtoka mkononi, Oliva machozi yakamtoka. Hapo simu ya Esteria ikalia ujumbe wa zahanati. Akausoma kwa sauti: hongera mama mjamzito, hudhurio lijalo fika na mwenzi wako.

Walicheka tena, ila Esteria aliacha kabla yao.

"Nilipokuwa na tumbo lako, Oliva, walinijua kwa jina. Walinipima, walinifuata hadi nyumbani. Leo ili wanione lazima wanisingizie mimba." Joto lilikuwa linampanda tena. Akavua kilemba hapo hapo, mlango wazi, watu wanapita. "Nasrin, lete mashine ya kunyolea."

Nasrin hakusogea. Kwa watu wa huko, mwanamke hunyoa kichwa akiwa msibani.

"Mama, kesho kuna picha," alisema Oliva. "Watu watauliza nani kafa."

"Waambie hakuna aliyekufa. Mama yako yupo."

Oliva alimtazama kwenye kioo. Kisha aliinuka kitini na nusu ya kichwa haijasukwa, akampisha mama yake akae. Mashine ikaanza kuunguruma kutoka paji la uso kwenda nyuma. Upepo wa Julai uliingia mlangoni ukamgusa ngozi, na Esteria akafumba macho. Miaka miwili hakuwa amesikia baridi tamu namna ile. Akaomba kioo, akajigeuza kulia na kushoto, akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Kichwa kizuri," alisema Oliva, akakipapasa. "Kesho heleni zile kubwa."

Jioni, Esteria alichukua daftari jipya, akapiga mistari kwa kutumia kitana kama rula. Jina. Umri. Joto. Usingizi. Nywele. Mstari wa kwanza akajiandika yeye. Juu ya mlango akabandika kipande cha boksi: WALIOKOMA HEDHI, KARIBUNI. TUNAANDIKA.

Saa kumi na moja mtu akabisha hodi. Alikuwa nesi Aurelia, bado na sare. Alisoma boksi, akaingia, akakaa kitini, akavua kofia. Utosini alikuwa na upara mpana kuliko ule wa Esteria.

Hakuna aliyecheka. Esteria alivuta daftari, akafungua kalamu.

"Hedhi ya mwisho lini, dada?"

"Machi. Mwaka juzi."

Esteria akaandika Machi, mwaka juzi.