Kidevu cha Klearista

Mimi ndiye niliyemfundisha Klearista kuinamisha kichwa. Nalisema hili mapema, maana watu wa mji wetu hupenda kusema kwamba mungu wa kike Artemi ndiye aliyetaka, au ukame, au baba wa mtoto. Baba alitaka, ndiyo. Lakini kazi yenyewe niliifanya mimi, yaya wake, na nilidanganywa kama mtoto wa juzi.

Alizaliwa mbishi. Mama yake alikufa kwa uzazi, nikamlea kwa maziwa ya mbuzi. Hapa kwetu Arkadia anayekubali huinamisha kichwa, anayekataa hurusha kidevu juu, basi, hana haja ya kufungua mdomo. Klearista alirusha kidevu kabla hajaota meno. Uji? Kidevu. Kulala? Kidevu. Nilikuwa nikimtania kwamba huyu atakataa hata pumzi, naye ananirushia kidevu huku anacheka.

Alipofika miaka kumi na mitano, chemchemi ya Artemi juu ya mji ilikauka. Miezi saba bila tone. Mbuzi walikufa, na wanawake wakawa wanateka maji mwendo wa nusu siku. Kuhani alipanda mlimani kumwuliza mungu wake wa kike, akarudi hana damu usoni, na mfalme Euridamo, baba yake Klearista, akajifungia naye asubuhi nzima. Alipotoka alinijia pale nilipokuwa nafuma.

"Yaya, nimempatia Klea mume. Kijana wa ng'ambo ya mlima. Kwao maji tele."

"Enhee! Na ulikuwa unanificha?" Nilimjua tangu ana makamasi, kwa hiyo humwambia nitakalo.

"Harusi ni baada ya siku kumi. Kuhani atamnyunyizia maji mbele ya madhabahu, naye ainamishe kichwa. Ainamishe, yaya, unanielewa? Wakwe watakuwa wanatazama. Akirusha kile kidevu chake, nimekwisha."

"Hilo niachie mimi."

Akapiga magoti, akayashika magoti yangu. Mfalme mzima! Kwetu anayeshika magoti ya mtu anaomba mbele ya Zeu mwenyewe, mkuu wa miungu, na hakuna athubutuye kufanya hila hapo. Nilijiona mtu mkubwa siku ile. Nikaapa.

Siku kumi tulifanya kazi. Nilichovya vidole katika kikombe kimoja cha maji, nikamdondoshea utosini. "Inama." Kidevu. "Inama, mama, usinitie aibu." Kidevu.

"Yaya, hivi si ndivyo wanavyofanyiwa mbuzi wa kafara?" aliniuliza siku ya nne.

Ndivyo. Mnyama hachinjwi mpaka maji yamguse na ainamishe kichwa. Akiinama amekubali mwenyewe, na damu yake haimwandami mtu. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

"Mbuzi gani huvalishwa shela la zafarani la bibi harusi, we mtoto?"

"Na huyo mume nikimkataa?"

"Mkatae huko kwake. Hapa mbele za watu inama, kwa ajili yangu."

Siku ya tisa aliinama. Aliinama vizuri, shingo imelegea, na nikambusu utosini palipolowa.

Siku ya harusi hakuna aliyeleta mtungi wa kumwogesha bibi harusi. Nikajisemea, ni ukame. Wakwe hawakuonekana. Nikajisemea, njia ni mbaya. Nilimwongoza kwa mkono wangu mpaka madhabahuni, na nilipogeuka kutazama watu, nikaona wamebeba vikapu vya shayiri. Bibi harusi hurushiwa tini kavu na lozi. Shayiri hurushiwa mnyama.

"Klea!" nilipiga kelele. "Kidevu! Kataa, mwanangu, kataa!"

Maji yalikuwa yameshadondoka. Aliinamisha kichwa kama nilivyomfundisha, kisha akanitazama kwa upande kuona kama nimefurahi.

"Amekubali!" watu wakaitikia, na shayiri ikanyesha. Kuhani akainua kisu.

Shela la zafarani lilianguka tupu. Kutoka chini yake aliruka kulungu jike, akavuka madhabahu, akatokomea msituni. Wakati huohuo mwamba ulipasuka na maji yakatoka kwa nguvu. Watu walilala kifudifudi wakinywa, na katika umati ule mzima hakuna aliyetazama msitu ila mimi.

Euridamo alinijia ndevu zinadondosha maji. "Umeona, yaya? Hajafa. Artemi kamchukua. Mambo yameisha salama."

"Ulishika magoti yangu."

"Ningekwambia ukweli, ungemfundisha?"

"Nisingemfundisha."

"Basi, si unaona mwenyewe?" akasema, akarudi kunywa. Nilimchukia tangu hapo, na bado namchukia.

Kila mwaka wakawa wanafanya sikukuu pale chemchemini, na wanazidi kunona. Mwaka wa tatu, mchana kweupe, kulungu aliteremka katikati ya watu. Shingoni alikuwa na uzi wa zafarani, wa shela lile nililolifuma kwa mkono wangu. Watu walimpisha. Euridamo alipiga magoti matopeni, akateka maji kwa kiganja, akamdondoshea utosini. Kulungu akasimama tuli.

"Mwanangu," alisema, "umenisamehe?"

Mji mzima ulisubiri kichwa kile kiiname. Maji yalimchuruzika machoni. Kisha akarusha kidevu juu, vilevile alivyokuwa akikataa uji, na mfalme akaanguka kwa mikono yake kwenye matope.

Ndipo akageuka, akanitazama mimi. Nami nilikuwa na maji yangu kiganjani. Miaka mitatu nilikuwa nimebeba swali lilelile. Niliyaacha yavuje katikati ya vidole mpaka yakaisha, maana nilishamwomba ainame mara moja, na alinitii.