Kidonda cha Miaka Mitatu

Ofisi nzima ilimwita Nukta, kwa jinsi alivyogombana na watu juu ya kile kinukta cha katikati ya msimbo. Kazi yake ilikuwa kusoma mafaili ya wagonjwa na kuugeuza kila ugonjwa kuwa herufi na tarakimu, kompyuta ielewe. Na mdomo alikuwa nao, usiombe. Faili la ugonjwa wa zinaa likipita mezani kwake, lazima alitangaze: "Haya, mwingine huyu kayavulia nguo maji."

Basi naye akayavulia, siku alipopelekwa semina. Kidonda kikamtokea mahali ambapo hata fundi cherehani hapimi. Akaenda zahanati ya upande wa pili wa mji, akajiandikisha kwa jina la marehemu mjomba wake. Namba ya simu alitoa ya kweli, maana bila hiyo majibu yangempita. Daktari alipomuuliza mara ya mwisho kulala na mwanamke ni lini, akajibu kwa uso mkavu: miaka mitatu. Na mke yuko nyumbani, tumbo hilo!

Hesabu zake alizipiga. Kaswende ya hatua za mwanzo ikiandikwa hivyo, zahanati humwita na mwenzi akapimwe. Kwa mtu mkiwa wa miaka mitatu wangemwita nani? Akachomwa sindano yake, akarudi kazini anapiga mluzi.

Asichojua ni kwamba mafaili ya zahanati ile yalikuwa yameanza kuletwa ofisini kwao.

Asubuhi moja Miwani, dada wa meza ya pili, akasonya. "Nukta, njoo ucheke. Kidonda kibichi, halafu mgonjwa anadai hajagusa mtu miaka mitatu. Niweke A51.0, kaswende changa, au nimsadiki niandike kaswende kongwe?"

"Msadiki tu," akasema Nukta.

"Nimsadiki kwa lipi? Kama ana mke, na mke ana mimba, mtoto ndiye atakayeumia. Mchuma janga hula na wa kwao." Akampigia daktari wa zahanati, akamwomba amuulize tena mgonjwa wake.

Haukupita muda, simu ya Nukta ikaita. Miwani akanyanyua kichwa. Nukta akatamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi nayo ina shughuli zake. Yale maneno ya mtoto yalikuwa yamemchoma. Aliogopa, kweli aliogopa, kuliko alivyowahi kuiogopa aibu. Akapokea.

"Daktari, nilikudanganya. Ni juzijuzi tu. Na mke ninaye, ana mimba ya miezi mitano."

Miwani hakucheka. Akaandika A51.0, akafunga faili. "Mpigie shemeji mwenyewe," akasema, "kabla hawajampigia wao." Akatoka, akamwachia chumba.

Nukta akampigia mkewe. Akaanza na kikohozi, akauliza habari za maji ya bomba, akauliza za mama mkwe, mwishowe akalitapika lote.



"Kliniki walinipima wiki iliyopita," akasema mkewe. "Sindano nimeshaanza, na mtoto wanamwangalia. Waliniambia nije na mume wangu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa sijajua kama ninaye."